Mashine na Manju: Ngoma za Jadi Katika Midundo ya Kielektroniki

1. Utangulizi

Kila wimbo wa jadi unapotiwa midundo ya kompyuta, wasikilizaji hugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza hulalamika kwamba mila imeuzwa sokoni. Kundi la pili hushangilia kwamba mila imeokolewa na kuvishwa nguo mpya ili vijana waipende. Makundi haya hubishana bila kupatana kwa sababu yote mawili husikiliza kitu kimoja tu, nacho ni sauti. Huulizwa kama ngoma inasikika, kama zeze linasikika, kama lahani ya zamani bado inatambulika. Ni nadra kuulizwa swali ambalo mwanafunzi wa fasihi simulizi angestahili kuliuliza mwanzo: baada ya mashine kuingia uwanjani, manju yuko wapi, na nani anamwitikia?

Makala haya yananuia kulishughulikia swali hilo. Tutaeleza kwanza kazi ambayo mashine huufanyia wimbo wa jadi. Pili, tutatazama mfano wa mbali, yaani muziki wa klezmer wa Wayahudi wa Ulaya Mashariki, ambao umewahi kupitia njia hiyohiyo. Tatu, tutaichunguza mifano ya Afrika Mashariki, hasa Gulu na Dar es Salaam. Hatimaye tutafika Runyenjes, katika kaunti ya Embu, ambako suala hili halihusu majukwaa ya kimataifa bali lango la boma siku ya mahari. Hoja yetu ni kwamba mashine haiui wimbo wa jadi kwa kuubadilisha sauti. Huuua pale inapoziba nafasi ya kujibizana, na huuhuisha pale inapoiacha wazi nafasi hiyo.

2. Mashine Huufanyia Wimbo Nini?

Fundi wa muziki wa kielektroniki anapoushika wimbo wa jadi huufanyia mambo matatu, nayo tunaweza kuyaita kudondoa, kuzungusha na kunyoosha.

Kudondoa ni kuchukua kipande kidogo cha sauti iliyokwisha kurekodiwa, pengine sekunde mbili za ngoma au kilio kimoja cha fidla, na kukifanya tofali la jengo jipya. Kipande hicho ndicho mafundi hukiita sampuli. Kwa mtazamo wa fasihi, kudondoa si jambo geni. Manju wa jadi alidondoa pia: alichukua kibwagizo cha wenzake, methali ya wazee au jina la sifa, akalitia katika wimbo wake. Tofauti ni kwamba manju alidondoa maneno na lahani akavitamka upya kwa kinywa chake, ilhali mashine hudondoa sauti yenyewe ya mtu fulani, aliyeimba siku fulani, mahali fulani.

Kuzungusha ni kukirudia kipande hicho bila kikomo. Hapa pia pana ufanano na tofauti. Ngoma zetu zimejaa urudiaji, lakini mpigangoma harudii kama gurudumu. Humwangalia mchezaji, akaongeza pigo mguu unapochangamka na kupunguza sauti manju anapofungua kinywa. Kitanzi cha kompyuta hakimwoni mchezaji. Kitaendelea vilevile awepo uwanjani au aende zake.

Kunyoosha ndilo jambo lenye athari kubwa kuliko yote, ingawa halisikiki kwa urahisi. Programu za kutungia muziki huugawa wakati katika vijumba vilivyo sawa, na kila pigo huvutwa hadi kwenye kijumba chake. Midundo mingi ya disko hufuata hesabu ya mapigo manne. Ngoma nyingi za Afrika Mashariki hazikai humo kwa amani. Chakacha ya pwani, kwa mfano, hutembea katika sita, na wachezaji huweza kuyasikia mapigo mawili na matatu kwa wakati mmoja. Fundi asiyejua hilo huinyoosha chakacha mpaka kiuno kikakosa pa kuzungukia. Fundi mwerevu huiacha mashine ishike mapigo ya chini, akawaachia ngoma za mkono zicheze juu yake.

Kwa hiyo mashine si chombo kimoja chenye tabia moja. Mambo yote hutegemea kile ambacho fundi ameamua kukinyoosha na kile ambacho ameamua kukiacha.

3. Mfano wa Mbali: Klezmer na Mshereheshaji Wake

Klezmer ni neno la Kiyidi lililotokana na maneno mawili ya Kiebrania yenye maana ya vyombo na wimbo. Hapo kale lilimtaja mpigaji wa ala. Baadaye likawa jina la muziki wenyewe. Huu ulikuwa muziki wa arusi za Wayahudi wa Ulaya Mashariki, katika nchi ambazo leo ni Poland, Ukraine, Moldova, Romania na jirani zake. Ala zake kuu zilikuwa fidla na tsimbl, ambayo ni ala ya nyuzi nyingi zinazogongwa kwa vijiti. Kisha zikaja klarineti na akodioni.

Msomaji wa Kiswahili anaweza kuuona muziki huu kuwa wa mbali mno, lakini kuna undugu usiotarajiwa. Mojawapo ya ngazi za sauti zinazopendwa sana katika klezmer hukaribiana na ile ambayo wanataarab huijua kwa jina la hijazi, yenye ule mruko wa majonzi kati ya sauti ya pili na ya tatu. Watu wa Ulaya Mashariki na watu wa Zanzibar waliupata mlio huo kwa kupakana, kila mmoja kwa upande wake, na dunia ya muziki wa Waturuki na Waarabu. Mipangilio mingine ya mapigo nayo si migeni kwetu. Dansi iitwayo bulgar husisitiza mapigo manane yaliyogawanywa tatu, tatu na mbili, mgawanyo ambao sikio la Mwafrika hulipokea bila kufundishwa.

Lakini jambo linalotuhusu zaidi ni mtu aliyeitwa badkhn. Huyu alikuwa mshereheshaji wa arusi na mshairi wa papo kwa papo. Alimtungia bibi arusi beti za kumliza kabla ya ndoa, akawataja wageni mmoja mmoja kwa vina, akawatania matajiri na kuwakumbuka marehemu wa ukoo. Wapigaji wa ala walimfuata yeye. Tukitumia istilahi zetu, badkhn alikuwa fanani, na arusi ndiyo iliyokuwa tukio.

Muziki huu ulivuka bahari pamoja na wahamiaji walioingia Marekani kwa wingi kuanzia miaka ya 1880 hadi 1924, sheria za uhamiaji zilipokazwa. Mjini New York, wapigaji klarineti kama Naftule Brandwein na Dave Tarras waliurekodi katika santuri. Ulaya, mauaji ya halaiki ya Wayahudi katika Vita vya Pili vya Dunia yaliwaangamiza wapigaji, wasikilizaji na vijiji vyenyewe. Marekani, watoto wa wahamiaji wakageukia muziki mwingine. Vijana walipoanza kuufufua katika miaka ya 1970, walitegemea sana santuri za zamani. Santuri ilikuwa imehifadhi dansi ikauacha nje ushairi mwingi wa badkhn, kwa kuwa upande mmoja wa santuri ulichukua dakika tatu hivi tu, na mnunuzi alitaka kucheza.

Mwaka 2003, Josh Dolgin wa Montreal, ajulikanaye kwa jina la Socalled, alishirikiana na mpiga fidla Sophie Solomon wa Uingereza kutoa albamu ya HipHopKhasene. Khasene ni neno la Kiyidi lenye maana ya arusi. Dolgin alikuwa mtu wa kudondoa vipande vya santuri za Kiyidi na kuvitia midundo ya hip hop. Jina la albamu hiyo linastahili kutufikirisha. Hawakusema wanaleta disko. Walisema wanaleta arusi. Wao walitambua kwamba kurudisha klarineti peke yake hakutoshi, na kwamba mtu anayeghani juu ya mdundo wa mashine ana ujamaa na mshereheshaji wa zamani. Hapo ndipo tunapopata kipimo cha kwanza: mchanganyiko wenye uhai humtafutia manju kiti chake.

4. Kabla ya Kompyuta: Akodioni na Gitaa la Mtu Mmoja

Tukirudi nyumbani, tutaona kwamba uwanda wa Mlima Kenya haukuingia katika mchanganyiko kwa mara ya kwanza kompyuta zilipofika. Miongoni mwa Wakikuyu, dansi ya mwomboko iliyoenea katika miaka ya 1940 ilichukua akodioni na hatua za dansi za Kizungu, ikaongeza karing'aring'a, yaani chuma cha mviringo kinachogongwa ili kushika mapigo. Miaka michache kabla yake, mnamo 1930, serikali ya kikoloni ilikuwa imepiga marufuku wimbo wa muthirigu kwa sababu ya maneno yake makali dhidi ya wamishenari na watawala. Tunajifunza hapa kwamba watawala hawakuiogopa lahani; waliyaogopa maneno na umati uliokuwa ukiyaitikia. Akodioni ilikuwa chombo cha kigeni kabisa, lakini aliyeishika alikuwa manju wa Kikuyu, akitunga kwa Kikuyu juu ya mambo ya Wakikuyu.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 na kuendelea, mtindo wa mugithi ulienea katika mabaa ya Nairobi na ya uwanda wa Mlima Kenya, na Mike Rua akawa miongoni mwa majina yake makubwa. Mwimbaji mmoja hukaa na gitaa lake huku mashine au kinanda cha umeme kikishika midundo. Neno mugithi lina maana ya treni, kwa kuwa wachezaji hushikana kwa mstari wakazunguka ukumbini kama mabehewa. Mashine hapa imewafukuza wapigaji watatu au wanne, na hilo ni hasara kwao. Lakini haikumfukuza manju. Mwimbaji wa mugithi huunganisha nyimbo za kale, za kanisani na za mzaha bila kusimama, akamtaja mteja aliyeingia sasa hivi, na ukumbi mzima ukamwitikia. Kwa kigezo cha fasihi simulizi, mugithi una fanani, hadhira na tukio, hata kama ngoma yake inatoka katika kisanduku.

5. Gulu: Kompyuta Inapokuwa Kundi la Ngoma

Kaskazini mwa Uganda, Waacholi wana ngoma ya larakaraka, ngoma ya uchumba na ya arusi, ambamo wachezaji hupiga vibuyu kwa vijiti vya chuma vya gurudumu la baiskeli. Kundi kamili la larakaraka lina watu wengi, na wote huhitaji kusafirishwa, kulishwa na kulipwa. Vita kati ya serikali na Lord's Resistance Army, vilivyodumu tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi katikati ya miaka ya 2000, viliwatoa watu katika vijiji vyao vikawarundika kambini, na umaskini ukazidi. Watu hawakuacha kuoana, lakini wengi hawakuweza kulileta kundi zima.

Ndipo walipotokea mafundi kama Leo Palayeng na waimbaji kama Otim Alpha, waliotumia kompyuta kuiga mwendo wa kasi wa vibuyu vya larakaraka. Mwimbaji mmoja na mashine moja wakaweza kuifanya arusi iwe arusi. Mtindo huo uliitwa Acholitronix. Baadhi ya nyimbo za Otim Alpha zilikusanywa katika albamu ya Gulu City Anthems iliyotolewa mwaka 2017 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, kampuni iliyochipuka sambamba na tamasha la Nyege Nyege lililoanzishwa Jinja mwaka 2015.

Mfano wa Gulu unawajibu wale wanaodhani kwamba mashine huletwa na vijana wanaodharau mila. Huko ililetwa na watu waliokuwa wakihangaika kuisitiri mila isije ikafa kwa kukosa nauli. Wimbo ulibaki wa Kiacholi na ulibaki wa arusi, na mwimbaji alibaki na uhuru wa kuwataja maharusi na koo zao.

Hata hivyo, hatari huanza nyimbo hizo zinapoondoka Gulu na kupigwa katika kumbi za Ulaya. Huko wachezaji hucheza kwa bidii, lakini hawajui kinachosemwa. Wimbo unakuwa na hadhira inayocheza bila kuitikia. Hatusemi kwamba hilo ni dhambi. Msanii anastahili kula jasho lake, na mcheza kwao hutunzwa, lakini na ugenini pia anaweza kutunzwa. Tunasema tu kwamba kilicho ukumbini Berlin na kilicho arusini Gulu ni vitu viwili tofauti, hata kama sauti ni moja.

6. Dar es Salaam: Taarab, Mchiriku na Singeli

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, mfano ulio tajiri zaidi ni wa Dar es Salaam, kwa sababu lugha yake ni lugha yetu ya taaluma. Nasaba yake inaweza kufuatwa hatua kwa hatua.

Zanzibar ina vikundi vya taarab vya tangu zamani, kama Nadi Ikhwan Safaa kilichoundwa mwaka 1905 na Culture Musical Club cha mwaka 1958, vyenye fidla, udi, qanuni na akodioni. Katika miaka ya 1990, vikundi vya taarab ya kisasa kama East African Melody viliingiza vinanda vya umeme na midundo ya mashine. Kundi likapungua, gharama ikashuka, na waliokuwa wakisikiliza wameketi wakainuka kucheza. Mipasho nayo ikanoga, kwa kuwa mdundo mzito ulimpa anayetunza nafasi ya kwenda mbele na kumwelekezea hasimu wake beti zinazomhusu. Ikumbukwe kwamba kumtunza mwimbaji kwa wakati maalumu, mbele ya mtu maalumu, ni njia ya hadhira kuitikia.

Sambamba na taarab, katika mitaa ya uswahilini ya Dar es Salaam kulikuwa na mchiriku, uliochimbuka katika ngoma za Wazaramo. Vikundi kama Jagwa Music, kilichoanza mwaka 1992, vilipiga ngoma za mkono pamoja na vinanda vidogo vya Casio vilivyopitishwa katika vipaza sauti hadi vikakwaruza. Kutokana na mchiriku, taarab na nyimbo nyinginezo za sherehe za mitaani, kukazaliwa singeli. Mafundi walidondoa vipande vya ala vya taarab, wakavizungusha, kisha wakavikimbiza kwa kasi ya mapigo 200 hadi 300 kwa dakika. Majina kama Msaga Sumu, Man Fongo na Sholo Mwamba yakavuma, na mwaka 2017 kazi za studio ya Sisso ya Mburahati zikafika ng'ambo kupitia mkusanyiko wa Sounds of Sisso.

Kasi hii ina matokeo ya kifasihi ambayo yanaweza kupimwa. Tuchukue mdundo wa mapigo 240 kwa dakika, yaani mapigo 4 kwa sekunde. Mghani akitia silabi mbili katika kila pigo, atakuwa ametamka silabi 8 kwa sekunde. Mshororo wa shairi la mizani 16 utamalizika kwa sekunde 2. Kiswahili humsaidia, kwa kuwa silabi zake nyingi ni wazi, huishia kwa irabu, na ulimi hauna pa kukwama. Lakini sikio la msikilizaji lina mpaka wake. Ndiyo maana waghani wengi wa singeli hawajazi kila pigo. Hutumia vishazi vifupi, takriri nyingi, majina ya mitaa na ya watu, na kibwagizo chepesi ambacho umati unaweza kukidaka ukiwa unakimbia. Fani imebadilika ili kuikidhi kasi, haikufa. Maudhui nayo ni ya mtaa: kodi ya nyumba, mapenzi ya mashaka, rafiki msaliti, pesa isiyotosha.

Wapo wanaosema kwamba singeli si ushairi kwa sababu haina urari wa vina na mizani. Hoja hiyo ni dhaifu, kwani ingezitoa pia nyimbo nyingi za jadi katika orodha ya ushairi. Lawama yenye uzito zaidi ni kwamba kasi ikipita kiasi, neno hugeuka kuwa pigo tu. Wahenga walituonya kwamba ngoma ikilia sana hupasuka. Panapokuwa hakuna hata mmoja aliyesikia lililosemwa, hata kama mghani yupo na kipaza sauti anacho, kiti cha manju kimekaliwa na kivuli.

7. Runyenjes: Suala Langoni

Sasa tufike Runyenjes. Mji huu umekaa kando ya barabara kuu ya Embu kwenda Meru, katika miteremko ya Mlima Kenya ya kahawa na majani chai. Ukiendelea mbele utavuka mto Thuci na kuingia upande wa Wachuka, ambao wapigangoma wao wamejulikana kote Kenya kwa kuzibana ngoma ndefu katikati ya mapaja huku wakicheza na kupiga kwa pamoja. Kwa hiyo Runyenjes haiko mbali na ngoma. Fasihi simulizi yake nayo haijaachwa bila kuandikwa: mwaka 1997 Ciarunji Chesaina alichapisha kitabu juu ya fasihi simulizi ya Waembu na Wambeere. Tena Kiembu kina nafasi hewani, kwani idhaa ya Wimwaro hutangazia wasemaji wa Kiembu na Kimbeere.

Pamoja na hayo yote, hapa pana tukio moja ambalo lastahili kutazamwa kwa makini. Katika shughuli za mahari na arusi za uwanda huu, wageni wa upande wa bwana arusi hufika na kulikuta lango la boma limefungwa. Wanawake wa upande wao huanza kuimba wakiomba kufunguliwa. Wanawake walio ndani hujibu kwa wimbo: ninyi ni nani, mmetoka wapi, mmeleta nini, na huyo mnayemtaka mnamjua? Walio nje hujibu tena. Majibizano hayo huendelea, yenye utani, majigambo na mafumbo, hadi walio ndani waridhike au wapewe kitu, ndipo lango hufunguliwa. Kiongozi wa kila upande ni lazima ajue nasaba, ajue methali, awe mwepesi wa kutunga, na aijue lugha hadi kwenye mizizi yake. Akizidiwa, upande wake huaibika mbele ya watu.

Siku hizi, kwenye shughuli nyingi, spika huwa zimekwisha kufungwa kabla ya wageni kufika. Mcheza santuri huweka wimbo wa lango uliorekodiwa studioni, wenye midundo ya kinanda, na wanawake wa pande zote mbili huucheza pamoja. Wimbo ni wa jadi kwa asili yake, lugha ni ya nyumbani au ya jirani, na shangwe si haba. Kundi linalohukumu kwa sauti lingesema mila imehifadhiwa. Lakini wimbo ule uliorekodiwa unauliza maswali na kuyajibu wenyewe. Hauwajui wageni wa leo. Hauwezi kumtania shemeji aliyechelewa wala kumsifu bibi aliyemlea bibi arusi. Wanawake wawili waliokuwa wakijiandaa kwa wiki nzima kubishana langoni wamegeuka kuwa wachezaji, na msichana aliyesimama nyuma yao hana atakachojifunza isipokuwa hatua za miguu.

Hapa ndipo pana hatari ya kweli. Kiembu si lugha yenye wasemaji wengi kama Kikuyu, na vijana wa mjini Runyenjes hupitisha sehemu kubwa ya siku yao kwa Kiswahili, Sheng na Kiingereza. Uwezo wa kutunga papo kwa papo kwa Kiembu haufundishwi darasani. Nyimbo za jadi huimbwa mashuleni kwa ajili ya mashindano ya Tamasha la Muziki la Kenya, ambalo historia yake huanzia 1927, na mashindano hayo yamefanya kazi kubwa ya kuzihifadhi. Hata hivyo, wimbo wa mashindano hukaririwa kabla, ukapangiwa dakika na kupewa alama. Lango lilikuwa shule ya pekee ya kujibu bila kukariri. Likifunguliwa na spika, shule hiyo imefungwa.

Je, suluhisho ni kuzifukuza spika? La, hasha. Mashine imekwisha kuingia, na wenye arusi wanaipenda. Tunachopendekeza ni kidogo na kinawezekana. Mcheza santuri anaweza kuombwa aweke mdundo usio na maneno, mdundo wa ngoma za kwao uliorekodiwa vizuri, kisha awape viongozi wa pande mbili vipaza sauti. Mdundo ungeshika mapigo, na wanawake wangeshika maneno. Hicho ndicho alichokifanya mwimbaji wa Gulu kwa kompyuta, na ndicho anachokifanya mghani wa singeli mtaani. Fundi wa kwetu akitunga mdundo wa namna hiyo, atakuwa ameipa fasihi ya Kiembu huduma kubwa kuliko fundi anayetoa wimbo wa lango uliokamilika.

8. Vigezo vya Kuhukumia

Mulokozi ametufundisha kwamba fasihi simulizi ni tukio, lenye fanani, hadhira, fani inayotendwa, mahali na wakati. Naye Walter Ong, katika kitabu chake cha 1982, alieleza kwamba redio, televisheni na vyombo vya umeme vimeleta usimulizi wa namna ya pili, unaofanana na ule wa kwanza lakini umesimama juu ya maandishi na mitambo. Tukiyaunganisha mawazo ya wataalamu hawa na mifano tuliyoitazama, tunaweza kupendekeza maswali matatu ya kuuliza juu ya mchanganyiko wowote wa jadi na mashine.

Kwanza, je, kuna nafasi tupu ndani ya wimbo ambayo mtu aliye hai leo anaweza kuijaza kwa maneno yake? Pili, je, hadhira inaelewa na inaweza kuitikia, au inacheza tu? Tatu, je, wimbo bado una tukio lake, au unaweza kupigwa popote na wakati wowote bila kupoteza kitu?

Mugithi wa baa hufaulu katika maswali yote matatu. Acholitronix hufaulu arusini Gulu, ikayumba ughaibuni. Singeli hufaulu mtaani, mradi kasi isimeze maneno. HipHopKhasene ilikuwa jaribio la kulirudisha tukio lililokuwa limebaki katika santuri. Wimbo wa lango uliorekodiwa, ambao kwa sauti yake unaweza kuwa wa jadi kuliko yote hiyo, huanguka katika swali la kwanza.

9. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba ugomvi kati ya jadi na mashine hauamuliwi na masikio peke yake. Akodioni ilikuwa ngeni, na mwomboko ukawa wa Wakikuyu. Kinanda cha Casio kilikuwa kigeni, na mchiriku ukawa wa Waswahili. Klarineti yenyewe ilikuwa ngeni katika klezmer kabla ya kuwa alama yake. Kinachoufanya wimbo uwe wa watu ni kwamba watu wenyewe wanaweza kusema humo jambo ambalo halikusemwa jana.

Wanafunzi wa Kiswahili na wa fasihi za lugha za nyumbani tuna kazi hapa. Tunapokwenda nyanjani kukusanya nyimbo, tusikimbilie wazee pekee na kuwapita wacheza santuri kana kwamba wao ni maadui wa utafiti. Tuwarekodi wote wawili. Tuyaandike majibizano ya langoni yangali yakijibizwa, pamoja na majina ya waliotunga na tukio walilolitungia, kwa ridhaa yao. Kisha tuwarudishie mafundi wa mjini hazina hiyo ili watunge midundo inayoacha nafasi. Mwanamke wa Runyenjes anayejua kujibu langoni hahitaji kunyamazishwa ili spika isikike. Apewe kipaza sauti, na mdundo umngoje.